Msuli Huvuta Tu: Kutoka Nyama ya Bucha Hadi Taya Linalotafuna

Ukifika buchani alfajiri, kabla ng'ombe aliyechinjwa usiku hajapoa, unaweza kuona jambo linalowatia watu hofu: kipande cha nyama kilichokwisha kukatwa na kuwekwa juu ya gogo kinacheza. Kinafinyafinya, kinatulia, kinashtuka tena. Nilikuwa na miaka kama tisa nilipoliona mara ya kwanza, nimetumwa nusu kilo na mama, nikarudi nyumbani mbio kusema kwamba nyama ya leo bado ina roho. Nilijibiwa, "Imechinjwa sasa hivi, ndiyo maana." Jibu lilikuwa sahihi, ila lilikuwa nusu, na nusu iliyobaki nilikuja kuipata miaka mingi baadaye. Ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu mtu akishaielewa, mambo mengi ya mwili yanayoonekana hayahusiani yanakaa kwenye uzi mmoja: kwa nini maiti hukakamaa, kwa nini pepopunda huanzia tayani, na tonge linapitaje kutoka mkononi hadi tumboni.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana Kiswahili cha kila siku kina neno moja linalobeba mzigo mkubwa mno, nalo ni mshipa. Mtu akisema "mshipa umenikaza" anazungumzia msuli wa mguu. Akisema "mishipa imemtoka shingoni" pengine ni mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu ni kitu kingine kabisa, na mzee wa pwani akilalamika kwamba ana mshipa, huenda ni ngiri au busha. Humu nitasema msuli kwa maana ya nyama inayovuta, kano kwa ile kamba nyeupe ngumu inayoufunga msuli kwenye mfupa, na neva kwa ule uzi wa fahamu unaoleta amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo.

Nyama tatu katika bucha moja

Hapo hapo buchani aina zote tatu za misuli zimetundikwa mbele yako, kwa kuwa katika jambo hili ng'ombe na binadamu hawana tofauti kubwa. Steki ni msuli wa mifupa. Moyo ni msuli wa moyo, aina iliyo peke yake. Na ule utumbo unaooshwa ukapikwa supu, sehemu kubwa ya ukuta wake ni msuli laini. Aliyekula zote tatu meno yake yameshamwambia kwamba si kitu kimoja: steki inachanika kwa nyuzi, moyo umeshikana hauna upande rahisi wa kuuchana, utumbo unavutika na kuteleza.

Misuli ya mifupa ndiyo mingi kuliko yote. Mwili wa binadamu unayo zaidi ya 600, na kwa mtu mzima inakaribia asilimia 40 ya uzito wake. Hii ndiyo inayotii hiari yako: ukitaka kuinua kikombe, unakiinua. Seli zake ni ndefu kama nyuzi, nyingine zinafika sentimita kadhaa, na kila moja ina viini vingi. Ukiitazama kwa hadubini utaona mistari ya giza na mwanga ikipishana kwa usawa kama mistari ya kikoi. Mistari hiyo tutairudia, kwa sababu siri ya kazi yote imo ndani yake.

Moyo nao una mistari hiyo hiyo, lakini hautii hiari. Seli zake ni fupi, zina matawi, na zimeungana ncha kwa ncha kiasi kwamba umeme unaoanza kwenye moja hupita hadi nyingine bila kubisha hodi. Kwa hiyo chumba kizima hujikaza kama kitu kimoja. Amri haitoki kwenye ubongo. Inatoka kwenye kikundi kidogo cha seli kilicho juu upande wa kulia wa moyo wenyewe, na ubongo kazi yake ni kuharakisha au kupunguza mwendo. Ndiyo maana moyo unaweza kuendelea kudunda kwa muda mfupi hata ukiwa umekwisha kutolewa kifuani. Kwa siku moja hudunda mara 100,000 hivi. Na una kinga ambayo mguu hauna: kila seli ikishapiga, hupitia kipindi kirefu ambacho haisikii amri nyingine yoyote, mpaka itakapolegea. Msuli wa mguu unaweza kukaza ukauma dakika nzima, ukanyooshwa na kusuguliwa. Moyo ungekaza hivyo dakika chache tu, mtu angekuwa hayupo.

Msuli laini hauna mistari. Seli zake ni ndogo, zimechongoka pande zote mbili, kila moja na kiini kimoja. Umo kwenye kuta za utumbo, kibofu, mishipa ya damu, njia za hewa na tumbo la uzazi; umo hata kwenye mboni, unaoipanua na kuibana, na kwenye mzizi wa kila unywele, ule unaosimamisha vinyweleo ukipata baridi au ukistuka. Huenda polepole, lakini unaweza kushikilia kwa saa nyingi kwa nguvu kidogo sana. Uchungu wa kuzaa ni msuli huu ukifanya kazi. Pumu nayo, kwa sehemu kubwa, ni msuli huu ukibana njia za hewa pasipohitajika, na dawa ya kuvuta ya salbutamoli inafanya jambo moja tu la haraka: kuulegeza.

Huvuta, hausukumi

Sasa linakuja jambo ambalo wengi tumelikosa darasani. Msuli haujui kusukuma. Hakuna msuli hata mmoja mwilini unaoweza kurefuka kwa nguvu zake na kusukuma kitu. Unachojua ni kufupika na kuvuta. Kisha unalegea na kungoja kitu kingine kiurudishe.

Utauliza: mbona tunasukuma magari yaliyokwama matopeni? Tunasukuma kwa kuvuta. Msuli ulio nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko, unavuta ncha ya mfupa iliyo nyuma ya kiwiko, mkono unanyooka, na kwa kunyooka huko gari linasogea. Ule wa mbele ukivuta, mkono unakunjika. Ndiyo sababu misuli ya mifupa imepangwa kwa jozi zinazopingana, kila mmoja akirudisha alichofanya mwenzake. Moyo vilevile hausukumi damu kama mtu anavyosukuma mkokoteni. Nyuzi zake zimeuzunguka, zikifupika chumba kinakuwa kidogo na damu haina budi kutoka. Na ulimi unaotokezwa nje? Unga uliokandwa ukiubana katikati kwa kiganja unarefuka kwenda mbele. Misuli ya ulimi hufanya hivyo: mmoja unaukokota ulimi mbele kutoka kwenye mfupa wa kidevu, na mingine iliyo ndani ya ulimi wenyewe inaubana kwa upana ili uchongoke.

Mistari na majahazi

Zamani iliaminika kwamba nyuzi za ndani ya msuli zenyewe hujikunja na kufupika, kama utepe wa mpira. Mei 1954 jarida la Nature lilichapisha makala mbili katika toleo moja, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Huxley hao wawili hawakuwa ndugu, na kila kundi lilifanya kazi yake mbali na jingine, lakini walifika mahali pamoja: nyuzi hazifupiki. Zinapishana.

Fikiria jahazi lililotia nanga katikati ya mlango wa bahari. Mbele yake na nyuma yake kuna mashua mbili zinazoelea, kila moja imefungwa kamba, na ncha za kamba ziko ndani ya jahazi. Nusu ya mabaharia wameelekea omo, nusu wameelekea tezi. Wanaanza kuvuta, mkono baada ya mkono. Mashua zote mbili zinalisogelea jahazi. Jahazi halikufupika, kamba hazikufupika, lakini umbali kati ya mashua na mashua umepungua. Wala mabaharia hawaachii kamba wote kwa pamoja, maana mashua zingechukuliwa na mkondo. Huyu akiachia kushika mbele, mwenzake bado ameshikilia.

Jahazi hilo ni protini iitwayo miosini, uzi mnene wenye mamia ya vichwa vidogo vilivyochomoza pande zote: hao ndio mabaharia. Kamba ni aktini, uzi mwembamba. Na eneo lote kutoka mashua hadi mashua linaitwa sakomea, lenye urefu wa kama mikromita mbili na ushei, yaani sehemu mbili na kidogo kati ya elfu moja za milimita. Sakomea zimepangwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine, na mpangilio huo ndio unaoonekana kama mistari ya kikoi. Katika sentimita moja ya uzi wa msuli kuna sakomea elfu nne au tano zinazofuatana. Kila kichwa cha miosini kikivuta mara moja, aktini husogea takriban sehemu moja ya laki moja ya milimita. Ni hatua ndogo isiyo na maana hata kidogo, mpaka uijumlishe na nyingine zote zinazofanyika kwa wakati mmoja. Hapo ndipo gunia linanyanyuka.

Mabaharia hawa hawaanzi bila amri. Neva ikifika kwenye msuli haiugusi. Huacha upenyo mdogo na kumwaga humo kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo inawasha umeme kwenye utando wa seli ya msuli, umeme unazama ndani, na vifuko vilivyosheheni kalsiamu vinafunguka. Kwa kawaida kamba ya aktini ina mshikio uliofunikwa na uzi mwembamba mwingine, tropomiosini, hivyo vichwa vya miosini havina pa kushika. Kalsiamu inajibandika kwenye protini iitwayo troponini, troponini inauvuta ule uzi pembeni, mshikio unafunuka, na kazi inaanza. Amri ikikoma, kalsiamu inarudishwa vifukoni, kifuniko kinarudi mahali pake, msuli unalegea. Msuli laini hutumia kalsiamu hiyo hiyo, ila hauna troponini. Unatumia protini nyingine, kalmodulini, na njia ndefu zaidi, ndiyo maana hauna haraka. Nyuzi zake hazikupangwa mistari bali zimekingamana, kwa hiyo seli hujikunyata kama mfuko wa wavu ukivutwa.

Kuachia ndiko kunakogharimu

Kila baharia ana chakula chake, na chakula hicho ni ATP, kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na sukari na mafuta. Akiba iliyo tayari ndani ya msuli inatosha sekunde chache tu za kazi nzito. Baada ya hapo lazima itengenezwe papo hapo. Wengi wanadhani ATP ni ya kuvutia tu. Kumbe ina kazi mbili, na ya pili ndiyo inayoshangaza: kichwa cha miosini kilichokwisha kushika aktini hakiwezi kuiachia mpaka ATP mpya ije ijibandike juu yake. Kulegea nako kunahitaji chakula.

Hii ndiyo nusu ya jibu niliyoikosa buchani. Nyama iliyochinjwa sasa hivi bado ina ATP, kalsiamu yake haijatulia, na ncha za neva zilizokatwa bado zinatoa umeme wa mwisho. Kwa hiyo inacheza. Baadaye kidogo ATP inakwisha, kalsiamu inavuja vifukoni, vichwa vinashika na hakuna wa kuviachisha. Nyama inakakamaa. Mpishi akiikuta katika hali hiyo ataichemsha na bado itakuwa ngumu. Ikikaa, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kukata nyuzi na inalainika tena.

Nililiona jambo hilo kwa mtu pia. Babu alipofariki, kabla watu hawajamaliza kupeana habari, mzee mmoja wa mtaa aliingia na kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya kidevu cha marehemu na kukifunga juu ya utosi. Akafumba macho, akanyoosha mikono na miguu. Hakuna aliyemweleza mambo ya miosini, lakini alijua saa yake. Mtu akifa, misuli yote kwanza hulegea, na taya likiwa halina wa kulishikilia linashuka. Saa chache baadaye ukakamavu unaanza, na huonekana mapema kwenye kope, taya na shingo kabla ya viungo vikubwa. Taya lililoachwa wazi litakakamaa likiwa wazi. Lililofungwa kwa kitambaa litakakamaa limefumba, na huzuni ya waliobaki haitaongezewa sura hiyo.

Misuli minne ya kutafuna

Taya basi. Weka vidole viwili shavuni, karibu na pembe ya taya chini ya sikio, kisha uma meno kwa nguvu. Utasikia donge gumu likitokeza. Huyo ni maseta, neno la Kigiriki lenye maana ya mtafunaji. Ameanzia kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi pembe ya taya la chini, kama mtu aliyeshika ndoo kwa mpini. Sasa hamishia vidole kwenye panja na uume tena. Panapopanda na kushuka ni temporali, msuli uliotandazwa kama kipepeo cha ukili ubavuni mwa fuvu, kisha nyuzi zake zote zikakusanyika na kupita nyuma ya mfupa wa shavu, zikashika pembe ya mbele ya taya la chini. Nyuzi zake za nyuma zimelala karibu mlalo, na ndizo zinazolirudisha taya nyuma.

Wawili waliobaki huwezi kuwagusa kirahisi. Terigoidi ya ndani iko upande wa ndani wa taya, mkabala na maseta, na hao wawili wanalibeba taya kama machela: mmoja nje, mmoja ndani. Terigoidi ya nje ndiyo mgeni katika familia, kwa sababu wenzake watatu hufunga mdomo na yeye husaidia kuufungua. Amelala mlalo, anavuta kichwa cha taya kwenda mbele. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio kisha ufungue mdomo taratibu hadi mwisho. Mwanzo mfupa unazunguka kama bawaba ya mlango. Halafu, mdomo ukizidi kufunguka, unatoka pale ulipo na kuteleza mbele, ukiacha kashimo chini ya kidole. Viungo vichache mwilini vina uhuru huo. Terigoidi ya upande mmoja ikivuta peke yake, taya linakwenda upande wa pili, na kwa kupokezana kushoto na kulia tunapata ule mwendo wa kusaga.

Wote wanne wanapokea amri kutoka tawi la tatu la neva ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Jambo hili lina maana kubwa hospitalini. Misuli ya uso, ile ya kutabasamu na kufumba macho, inatumikia neva ya saba. Kwa hiyo mtu aliyepooza uso upande mmoja, mdomo ukaenda upande, bado anauma muhogo sawasawa. Shida yake ni nyingine: chakula kinajikusanya kati ya shavu na fizi na hakirudi menoni. Msuli wa shavu unaokirudisha, wa neva ya saba, jina lake la Kilatini linamaanisha mpiga baragumu, kwa kuwa ndio unaobana shavu kutoa pumzi kwa nguvu. Ukimtazama mpiga zumari ngomani, mashavu yamejaa hewa, unaowaona kazini ni huo.

Nguvu ya kufunga ni kubwa. Mtu mzima mwenye meno kamili huweza kubana magego kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50 hadi 70, na kwenye meno ya mbele ni ndogo zaidi, kwa sababu ya mbele yako mbali na kiungo cha taya na mbali na maseta. Kila mtu analijua hili bila kufundishwa: mfupa wa kuku hauvunjwi kwa meno ya mbele, unapelekwa nyuma, kama kitambaa kigumu kinavyoingizwa karibu na msumari wa mkasi. Kufungua, kwa upande mwingine, ni kazi ndogo ya misuli midogo iliyo chini ya kidevu pamoja na terigoidi ya nje, ikisaidiwa na uzito wa taya lenyewe.

Tofauti hiyo ya nguvu ndiyo inayoifanya pepopunda ianzie mdomoni. Bakteria wake huingia kwenye jeraha na kutoa sumu inayopanda kwa njia ya neva hadi uti wa mgongo na shina la ubongo. Huko sumu inazuia zile kemikali za kutuliza, zile ambazo kazi yake ni kuiambia neva ya msuli inyamaze. Kila msuli unavuta, na anayeshinda ni mwenye nguvu zaidi. Tayani, wafungaji wanawashinda wafunguaji, mdomo unajifunga kwa nguvu. Mgongoni, misuli ya nyuma inaishinda ya mbele, mwili unapinda kama upinde. Na neva za taya ni fupi, sumu inafika mapema. Wahenga walioona mtu mwenye akili timamu amefungwa mdomo na mwili waliita pepo. Lakini chanjo ipo, na mtoto mchanga analindwa kwa mama kuchanjwa na kitovu kukatwa kwa kifaa safi, na hapa sitachoka kurudia: jeraha la msumari au la jembe lioshwe, na mtu aende kituo cha afya kuulizia chanjo, hata kama halitoki damu nyingi.

Usumbufu mwingine wa taya si wa kutisha hivyo lakini ni wa kila siku. Anayetafuna miraa kuanzia adhuhuri hadi usiku anaifanyisha maseta kazi ambayo haikupangiwa, na kiungo cha taya kinalalamika. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto anayesaga meno usiku ana minyoo. Minyoo ipimwe na itibiwe ikionekana, lakini kusaga meno ni wafungaji wa taya wakiamshwa na ubongo usingizini, na mtoto asiye na mnyoo hata mmoja husaga pia. Mtu mzima anayesaga huamka na maumivu ya panja akadhani ni malaria. Watafunaji wa tambuu wanaoshindwa kufungua mdomo ni habari nyingine: hapo msuli si mkosaji, popoo imeifanya ngozi ya ndani ya shavu kuwa ngumu kama turubai, na huyo asichelewe kumwona daktari.

Kuna pia kuteguka taya. Mtu anapiga miayo mirefu, mfupa unateleza mbele kupita kilima chake, na wafungaji wanakaza kwa kushtuka. Wakivuta juu wanaufungia kule kule ulikotoka. Kumpiga kofi, kama wengine wanavyofanya, hakusaidii kitu. Daktari hulibonyeza taya chini kwanza, akiyashinda maseta, ndipo hulirudisha nyuma.

Kokoto katika wali

Kutafuna tunaanza kwa hiari, kisha tunasahau. Katika shina la ubongo kuna mtandao wa seli unaopiga mdundo, funga, fungua, funga, na ukishaanzishwa unaendelea huku wewe ukizungumza na jirani. Lakini mdundo huo una macho. Umeketi unakula wali na maharage, na ghafla kokoto linaingia kati ya magego. Kabla hujajua ni nini, taya limekwisha kuachia. Vihisio vilivyozunguka mizizi ya meno vilisikia nguvu iliyopanda ghafla, vikapeleka habari kwenye shina la ubongo, na wafungaji wakanyamazishwa ndani ya sehemu chache za mia za sekunde. Maumivu na hasira kwa aliyepembua wali vinafuata baadaye. Bila ulinzi huo, misuli yenye nguvu ya kilo 50 ingeyavunja meno yetu mchana kweupe.

Waliowahi kuwa na misuli ya kutafuna mikubwa kuliko yetu walikuwa hapa hapa kwetu. Tarehe 17 Julai 1959, huko Oldupai kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza ardhini. Mumewe Louis alikuwa kambini mgonjwa. Lilikuwa fuvu la kiumbe waliyemwita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu, na umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Magego yake ni makubwa mno, na juu ya utosi, katikati, pana ukingo wa mfupa kama upanga wa paa la nyumba. Ukingo huo ni alama ya temporali. Kwetu msuli huo unaishia ubavuni mwa kichwa. Kwake ulipanda pande zote mbili hadi kukutana utosini, na mfupa ukaota ukingo ili nyuzi zipate pa kushika. Mifupa ya mashavu nayo imetanuka kwenda nje kuacha nafasi ya msuli mnene kupita. Taya lake la chini halikupatikana. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye jicho lake kwa visukuku lilikuwa la ajabu, aliona taya la mwenzake huko Peninj karibu na Ziwa Natron, pana na zito, linaloendana na fuvu lile.

Kwa muda mrefu aliitwa mvunja kokwa, kwa kudhani kwamba nguvu zote hizo zilikuwa za kupasua vitu vigumu. Mwaka 2011 watafiti walipima kaboni iliyomo kwenye enameli, lile ganda gumu la nje, ya meno ya jamaa zake na kuona kwamba chakula chao kwa sehemu kubwa kilikuwa jamii ya nyasi na mafunjo. Hakupasua kokwa kutwa. Alisaga majani, saa baada ya saa. Ukiweka kidole kwenye panja lako ukasikia kile kiwimbi chembamba, ndipo unapoelewa chungu na moto vimetupunguzia kazi kiasi gani.

Baada ya kusaga huja kumeza, na hapa ndipo aina za misuli zinapokabidhiana. Ulimi, kwa hiari yako, unalisukumiza tonge nyuma kooni. Likigusa nyuma ya koo, hiari imekwisha: kaakaa laini linapanda kufunga njia ya pua, koromeo linainuka, kifuniko kidogo cha kooni (epigloti) kinafunika njia ya hewa, yote kwa chini ya sekunde moja. Tonge linaingia umio. Theluthi ya juu ya umio ni msuli wenye mistari, kama wa mkono. Theluthi ya kati imechanganyika. Theluthi ya chini ni msuli laini mtupu, unaobana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, wimbi linaloshuka hadi tumboni kwa sekunde nane au kumi, hata kama umelala na kichwa kimeinama chini. Ule muhogo uliouchagua, ukaukata, ukautafuna upande uupendao, sasa uko kwa msuli usiopokea amri kwako.